Mjomba, nijenge bunduki yangu kipande kwa kipande au ninunue nzima?

Shikamoo Mjomba,

Safu yako nimeifuata muda mrefu, leo nimejipa moyo nikuandikie. Nina miaka 29. Mafunzo ya usalama wa silaha nimeyamaliza, maombi ya leseni nayo yako mbioni. Sijawahi kumiliki bunduki. Nimefyatua sana bunduki ndogo za kaliba ya .22 za klabu, na mara mbili nimeazimwa ya rafiki, kaliba kubwa ya .308.

Ninataka bunduki moja ya kazi mbili. Msimu wa kuwinda niibebe porini kutafuta wanyama wa ukubwa wa swala, na miezi iliyobaki nilale nayo uwanjani nilenge shabaha za mita 300, nikizoea nifike 600. Nimeambiwa kwamba mtu mwenye pesa kidogo asinunue bunduki nzima, bali akusanye vipuri taratibu na kuvifunga mwenyewe, kwani ndivyo anavyopata bunduki nzuri kwa bei ndogo. Basi nina miezi minne na daftari, na orodha yangu iko hivi.

Risiva (kiunzi cha chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu) ya muundo wa Remington 700. Mtutu mzito wa sentimita 66, kaliba ya .300 Winchester Magnum. Huo mtutu kuna mtu anauza uliotumika, anasema umefyatua "kidogo tu". Kitako cha alumini chenye kurekebishika kila upande. Triga inayovutika kwa nguvu ya gramu 400. Darubini ya 6-24x50, yaani ukuzaji wa mara 6 hadi 24 na lenzi ya mbele ya milimita 50. Miguu ya mbele ya kukunja. Nimejumlisha uzito kutoka kwenye maelezo ya watengenezaji nikapata kilo 6.8 bila risasi.

Tatizo ni kwamba pesa niliyonayo inatosha kama nusu ya orodha, kwa hiyo nimeanza kupunguza. Pete za darubini nimeweka za bei ya chini kabisa, maana ni pete tu. Risasi nimepanga boksi mbili za kuanzia. Darubini yenyewe nimeshusha hadi chapa nisiyoifahamu, ila ukuzaji ni uleule wa 24.

Mke wangu ameiona orodha akauliza, "Hiyo unaibeba wewe au inakubeba?" Nimekasirika kidogo, lakini usiku nikalifikiria swali lake.

Nisaidie Mjomba. Nipunguze wapi tena? Ule mtutu niuchukue kabla haujauzwa? Na kesho asubuhi nianze na kipi?

Mpwa wako wa daftari

*

Marahaba mpwa wangu,

Mkeo amefanya kazi yangu kwa sentensi moja, mimi itanichukua ukurasa mzima. Nitaanza na jibu, sababu zifuate: usijenge. Bunduki ya kwanza nunua nzima, mpya, ya bolti (komeo la kuvuta kwa mkono), kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, na daftari lako ulihifadhi kwa miaka mitatu.

Aliyekwambia kujenga ni rahisi kuliko kununua, sidhani kama alipiga hesabu hadi mwisho. Kiwanda hununua chuma kwa tani na kutoboa mitutu kwa maelfu. Wewe unanunua risiva moja kwa bei ya rejareja, mtutu mmoja kwa bei ya rejareja, kisha unamlipa fundi kuviunganisha. Kila kipande kina faida ya muuzaji wake juu. Orodha ya vipuri vya heshima hupita bei ya bunduki nzima kama Howa 1500, Savage 110, Ruger American au Tikka T3x kabla hujafika kwenye darubini. Na bunduki hizo si za kuonea aibu. Ziko zinazotoka kiwandani na ahadi ya maandishi kwamba risasi tatu zitakaa ndani ya dakika moja ya pembe, yaani sentimita 2.9 kwenye mita 100. Hata ukipata ya kawaida inayotawanya sentimita 4, kwenye mita 200 ni sentimita 8, na sehemu ya kufia ya swala, pale nyuma ya bega, ni kama sahani ndogo ya sentimita 15. Kitakachokukosesha siku hiyo hakitakuwa mtutu.

Kujenga kuna raha yake, sikatai. Lakini ni kazi ya mtu ambaye tayari ana bunduki na anajua inamkera wapi. Wewe hujui bado kama unapenda kitako kirefu au kifupi, shavu lako linakaa wapi, bega lako linavumilia nini. Unashona suti kabla ya kupimwa.

Sasa huo mtutu wa "kidogo tu". Uache. Kwanza, hakuna anayeuza mtutu na kusema umefyatua sana. Pili, .300 Winchester Magnum inachoma baruti nyingi ndani ya tundu dogo, na mahali pa kwanza kuliwa ni pale michirizi ya ndani ya mtutu inapoanzia, mbele tu ya chemba, yaani chumba cha nyuma risasi inapokaa. Ukichungulia kwa jicho kutoka nyuma utaona kunang'aa, utafurahi, na hutaona kitu. Inatakiwa kamera nyembamba ya kuingiza ndani, na mtu anayejua kusoma inachoonyesha.

Tatu, na hapa naomba usome polepole, mtutu hauskurubiwi kwenye risiva kama bomba la maji. Kati ya uso wa bolti na mahali ganda la risasi linapokomea ndani ya chemba kuna nafasi inayopimwa kwa vipimo maalumu vya chuma, kimoja ambacho bolti lazima ifungike juu yake na kingine ambacho haitakiwi kufungika. Nafasi ikizidi, ganda la risasi linanyooka na linaweza kupasuka. Kwenye .308 shinikizo ndani ya chemba linaweza kupita mara 4,000 ya hewa inayotuzunguka, na uso wako uko shubiri moja tu nyuma ya hapo. Kazi hiyo ni ya fundi bunduki mwenye kibali na vipimo vyake. Najua Savage tangu 1958 wana muundo wa nati inayokaza mtutu, unaorahisisha kazi. Lakini hata nati hiyo haikuondolei kupima.

Kuna na sheria. Watu wengi wanadhani bunduki ni bunduki ikishaungwa, na kwamba vipuri ni vipuri tu. Marekani sheria ya shirikisho inaihesabu risiva kuwa ndiyo silaha. Umoja wa Ulaya unaweka hata mtutu na bolti kwenye orodha ya sehemu zinazodhibitiwa. Mahali pengine kukutwa na mtutu usioandikwa kwenye leseni yako ni kosa kamili. Wewe leseni hujaipata, halafu unataka kuwahi mtutu usiuzwe! Acha mwingine auwahi.

Tuje kwenye zile kazi mbili. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye bunduki kinachokuponyoka ni uzito. Bunduki ya kulalia uwanjani inapenda kuwa nzito, kwa sababu uzito unameza teke na mtutu mnene hauchemki upesi. Ya porini inataka kuwa nyepesi, kilo 3.5 hadi 4 na darubini yake, kwa kuwa utaibeba kwa muda wa saa sita ili uifyatue mara moja, au usiifyatue kabisa. Kilo zako 6.8 ni za uwanjani. Jaza ndoo maji lita saba, itundike begani kwa mkanda, zunguka nayo saa nzima, kisha uniandikie tena.

Shauri langu ni hili: ya kwanza iwe ya porini inayoweza kwenda uwanjani. Kinyume chake hakifanyi kazi. Bunduki ya kilo 4 ukiilaza juu ya mfuko wa mchanga itakufundisha kulenga mita 300 bila shida, mradi ufyatue tano, usubiri mtutu upoe hadi ushikike kwa kiganja, ndipo uendelee. Bunduki ya kilo 7 porini itakufundisha kukaa nyumbani. Ukipata ya mtutu wa unene wa kati, urefu wa sentimita 51 hadi 61, umemaliza mjadala.

Kaliba. Umeandika .300 Winchester Magnum. Ni kaliba nzuri ya mwaka 1963, inafika mbali, na teke lake kwenye bunduki ya uzito uleule ni kama mara moja na nusu ya lile la .308. Mtu mzoefu analivumilia. Mgeni hulivumilia risasi nane, na kuanzia ya tisa anaanza kufumba jicho kabla ya mlipuko bila kujua. Kufumba huko ukikuzoea hakukutoki upesi, hata ukirudi kwenye .22. Kwa swala na shabaha ya mita 600, .308 Winchester ya 1952 au 6.5 Creedmoor ya 2007 zinatosha na kubaki. Ya pili inapiga teke dogo zaidi na upepo unaisukuma kidogo. Ya kwanza mtutu wake unadumu zaidi, na risasi zake zimeenea duniani kuliko karibu kaliba yoyote ya aina hii. Mimi ningechagua kwa kuangalia ni ipi inayopatikana kwa muuzaji wako mwezi hadi mwezi, na ni ipi ambayo kanuni za uwindaji za kwenu zinairuhusu kwa mnyama unayemtaka, maana nchi nyingi huweka kiwango cha chini. Zote mbili zikipita, chukua ile ambayo boksi lake litakuruhusu kufyatua zaidi.

Darubini ndipo daftari lako liliponiuma. Umeshusha ubora ukabakiza ukuzaji. Geuza! Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, ukigawanye kwa ukuzaji: 50 kwa 24 ni 2.1. Hiyo ni milimita ya mwanga inayoingia jichoni. Magharibi, wanyama wanapotoka, mboni ya kijana hufunguka karibu milimita 7, nawe unailisha mbili. Utaona giza lililokuzwa mara 24. Ukishusha hadi 6, mwanga utarudi, lakini dirisha ni jembamba. Mnyama akisimama mita 30 kichakani utapoteza muda ukimtafuta. Kwa kazi zako mbili 3-9x40 ya chapa inayosimamia kazi yake inatosha kuanzia, na ukijikamua sana, 4-16 yenye kirekebishi cha umbali pembeni. Hakikisha tu kipimo cha mistari ya ndani na cha vifundo vya kurekebishia shabaha ni lugha moja. Kama mistari ya ndani iko kwa miliradiani (kipimo kidogo cha pembe), kila mlio wa kifundo nao uwe sehemu ya kumi ya miliradiani, yaani sentimita 1 kwenye mita 100. Darubini yenye mistari ya aina moja na vifundo vya aina nyingine itakufanya upige hesabu za shule huku mnyama anaondoka.

Na hizo pete "ni pete tu". Kaa nikuhadithie.

Bunduki yangu ya kwanza ya kaliba kubwa ilinitesa msimu mzima. Asubuhi matundu matatu yanagusana, mchana yameachana kiganja kizima. Nikalaumu risasi, nikabadilisha aina nne. Nikalaumu mtutu, nikausugua kwa brashi hadi mikono ikanuka dawa wiki nzima. Nikaanza kuulizia bei ya mtutu mpya. Siku moja naipangusa vumbi, kidole gumba kikaegemea skrubu ya nyuma ya reli inayobeba pete za darubini, ikazunguka. Kwa kidole, mpwa wangu! Pete za bei ya mwisho zilikuwa zimeubana mrija wa darubini upande mmoja na kuuachia upande wa pili, na kila teke lilikuwa linaisogeza darubini unywele mmoja. Unywele mmoja pale juu ni kiganja kule kwenye karatasi. Nilinunua reli ya kipande kimoja, pete mbili zilizolingana na unene wa mrija, na bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Bunduki ikatulia siku hiyohiyo. Risasi nilizokuwa nimezimaliza kuutafuta ugonjwa zilikuwa zimepita gharama ya pete nzuri mara kadhaa.

Kwa hiyo pete zipande juu ya orodha. Angalia mrija wako ni milimita 25.4 au 30, zote zipo na hazibadilishani. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kidogo kidogo kwa kupokezana kama unavyokaza nati za gurudumu, kisha chora mstari mdogo wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Rangi ya mkeo inafaa, muombe kwa adabu.

Triga ya gramu 400 ni ya mezani, siku ya utulivu, kidole chenye joto. Porini moyo unadunda na kidole kimekufa ganzi kwa baridi. Hapo kilo 1 hadi 1.5 ndiyo salama. Triga nyingi za kiwandani siku hizi zina skrubu ya kurekebisha ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Nje ya mipaka hiyo mpelekee fundi, na tupa (ile ya kusagia chuma) isikaribie kabisa.

Kitako cha alumini kinaweza kusubiri. Cha plastiki kinachokuja na bunduki ya bei nafuu kina ila moja: ni laini mbele. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kivute hadi kwenye risiva. Kikipita bila kukwama, vizuri. Sasa egemeza bunduki tupu kwenye mfuko kama unavyolenga, mwenzako apitishe tena. Kikikwama, ujue mtutu unaguswa ukiegemea, basi egemeza karibu na magazini badala ya mbele. Kuhusu shavu, fumba macho, weka bunduki begani, kisha fumbua. Kama huoni duara kamili bila kutafutatafuta, funga sponji juu ya kitako kwa plasta hadi ulione. Haipendezi, lakini inafanya kazi ileile ya kile kitako chako cha kurekebishika.

Pesa igawe hivi, si sheria ila ndivyo ningefanya mimi: chini kidogo ya nusu kwenye bunduki, robo kwenye darubini na pete, na kilichobaki chote kwenye risasi na ada za uwanja. Boksi mbili ni risasi 40, unazimaliza kwenye kuisawazisha darubini na kuipa bunduki nafasi ya kuchagua chakula chake. Bunduki huchagua, usinicheke. Nunua aina tatu za uzito tofauti, fyatua tano tano kwenye karatasi safi, rudia siku nyingine, kisha uiweke moja na kuachana na zingine. Usidanganywe na matundu matatu yanayogusana, hiyo ni bahati inayopita. Kumi ndizo zinazosema kweli, hata kama ukweli wenyewe unakuaibisha.

Mazoezi mengine ni bure. Ondoa risasi, zipeleke chumba kingine, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, kagua tena. Lenga ukuta imara usio na mtu nyuma yake, mwenzako aweke sarafu juu ya mtutu karibu na mdomo, akiifikia kwa pembeni bila kupita mbele yake, kisha vuta triga. Sarafu ikianguka, wewe ndiye uliyeitikisa. Siku itakapokaa mara 20 mfululizo utakuwa umeboresha bunduki kuliko kipuri chochote kwenye daftari. Usifanye hivyo na zile .22 za klabu bila risasi bandia, pini yake inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Kesho asubuhi umeniuliza uanze na kipi. Usinunue kitu. Uliza ofisi inayoshughulikia leseni yako ni sehemu zipi zinahitaji kibali na kaliba ipi inaruhusiwa kwa mnyama wako. Mchana muombe yule rafiki wa .308 akuazime tena, safari hii ufyatue 20 umelala, si mbili tatu za kujaribu, na yeye asimame pembeni akutazame jicho, si karatasi. Akisema ulianza kufumba kwenye ya ngapi, niandikie namba hiyo. Msalimie mkeo.

Mjomba wako